Chai ya Saa Kumi: Namna ya Kuwafundisha Watoto Kanga, Hatua kwa Hatua

Kila likizo ya shule napokea ujumbe unaofanana. Mama mmoja aliniandikia: "Nilipika maandazi, nikatandika mkeka, nikawaita watoto niwaeleze habari za kanga. Walikula, wakaondoka." Baba mwingine chai yake ilikatika maziwa mbele ya mama mkwe. Mwalimu mmoja watoto wake walichora vizuri sana, ila kila karatasi ilikuwa na moyo na nembo ya timu ya mpira. Kanga haikuonekana.

Nimewauliza wengi wao walianzaje. Karibu wote walianza na chakula, wakafuatisha maelezo. Mtoto akishashiba huna tena cha kumshikia pale. Na akielezwa tu, bila kazi mkononi, macho yanaenda mlangoni.

Kuna kosa la tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko hayo mawili. Kazi ya mtoto hubandikwa ukutani, au huachwa juu ya kabati hadi ipotee. Kanga hatuibandiki ukutani. Kanga inabeba mtoto mgongoni, inafunika sinia, inavaliwa jikoni na msibani, inamwambia jirani neno ambalo mdomo umeshindwa kulitamka. Kwa hiyo mwongozo huu wote una sharti moja: alichotengeneza mtoto kitandikwe siku hiyohiyo, chai inywewe juu yake, mbele ya mtu anayejua kukisoma.

Nimeandika kwa ajili ya watoto sita wa miaka 6 hadi 12, na watu wazima wawili. Watoto wakizidi wanane, gawanya siku mbili.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kazi ya mikono:

- Karatasi tatu za manila nyeupe au za rangi iliyofifia. Kila moja inatoa vipande viwili.
- Rangi ya maji iliyo nzito, aina mbili tu. Nyeusi na nyekundu zinatosha.
- Sponji ya kuoshea vyombo, mpya, ikatwe vipande vinne, na sahani nne za kuiwekea.
- Bamia kumi zilizokomaa, viazi mbatata vitatu, karoti moja nene, na shina la jani la mgomba la urefu wa mkono ukilipata.
- Kanga halisi mbili zenye majina tofauti. Zisiwe mpya. Kanga iliyofuliwa mara nyingi inakunjika vizuri, na mtoto haogopi kuishika.
- Rula, penseli, kalamu nene nyeusi, vitambaa vya kufutia, na mkeka wa kukalia.

Kwa maandazi: unga wa ngano nusu kilo, sukari robo kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, hiliki nusu kijiko cha chai iliyosagwa, chumvi kidogo, kikombe kimoja cha tui zito la nazi, na mafuta ya kukaangia.

Kwa chai: maji lita moja, maziwa nusu lita, majani ya chai vijiko viwili vya chai, tangawizi mbichi kama kidole gumba, hiliki punje sita na kijiti cha mdalasini. Andaa na mchaichai kwa walio chini ya miaka minane, hao usiwape majani ya chai saa hizo kama unataka walale usiku.

Kitu cha mwisho ni mgeni. Mwite mapema.

## Hatua ya 1: Mwalike mgeni anayejua kusoma kanga

Siku mbili kabla, nenda kwa bibi, shangazi au jirani mzee aliyevaa kanga maisha yake yote. Mwombe afike saa kumi na nusu, baada ya sala ya Alasiri. Usimwombe aje kufundisha. Mwambie watoto wanamtengenezea kanga na wanataka azisome.

Mtoto akijua kuna mtu anakuja kuisoma kazi yake, hatalipua. Na mzee akiombwa "afundishe" huanza kujiuliza atasema nini. Akiombwa asome, maneno yanakuja yenyewe.

Nyumba ya Waislamu mwezi wa Ramadhani, ihamishe shughuli hii baada ya futari. Usimtie mzee aliyefunga katika mtihani wa harufu ya hiliki saa kumi jioni.

## Hatua ya 2: Saa nane mchana, kandeni unga

Changanya unga, sukari, chumvi, hiliki na hamira kwenye bakuli pana. Pasha tui liwe vuguvugu, kisha chovya kidole: ukiweza kukiacha ndani bila kuungua, tui liko sawa. Likiwa moto zaidi ya hapo linaua hamira, na maandazi yatatoka mazito kama mawe. Kati ya wote wanaoniandikia kwamba maandazi hayakuumuka, wengi walimimina tui la moto.

Mimina kidogokidogo huku mtoto mmoja akichanganya. Unga ukiwa mkavu ongeza maji vuguvugu kijiko kimoja kimoja. Kisha wapokezane kukanda, kila mmoja dakika mbili. Watoto sita ni dakika kumi na mbili, na unga hauhitaji zaidi.

Umefanikiwa ukiona unga umekuwa laini, haugandi tena mikononi, na ukiubonyeza kwa kidole shimo linarudi polepole. Funika kwa kitambaa, weka mahali penye joto kwa saa moja. Kwa mnaoishi Ulaya au Kanada, msimu wa baridi weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwaka.

Sasa osheni mikono, mtoke jikoni. Harufu ya hiliki imeshabaki kwenye vidole vyao, nayo ndiyo itakayowashikilia muda wote wa kazi.

## Hatua ya 3: Fungueni kanga kidogokidogo

Hapa ndipo wengi huharibu kwa kuitandaza kanga yote na kuanza kueleza. Usiitandaze. Ikunje hadi ionekane kona moja tu.

Waulize wanaona nini. Watasema mistari, maua, vitone. Waache waguse. Kisha wageuzie kona ya pili, ya tatu, ya nne. Hapo waambie jina: hili linalozunguka pande zote ni *pindo*. Waambie watazame pindo linavyogeuka kwenye kona, kwa sababu baada ya nusu saa wao wenyewe watakwama palepale.

Fungua katikati. Huu ni *mji*. Waulize kuna nini mjini: korosho, nanasi, jogoo, karafuu, au vitone vitupu? Umbo la korosho utalikuta kwenye kanga nyingi sana, na mtoto wa Tanga au Mtwara analijua tunda lenyewe. Mpe nafasi awaonyeshe wenzake.

*Jina* lifunike kwa ukanda wa karatasi tangu mwanzo. Likae mwisho. Anayejua kusoma ndiye aondoe karatasi na alisome kwa sauti.

Kanga yangu ya kufundishia imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nawauliza swali moja tu: huyu aliyeivaa anasema na nani? Mtoto wa miaka saba aliniambia ni mvuvi aliyerudi na nyavu tupu, kesho anakwenda tena. Mkubwa wake akakataa, akasema ni dada yake anayesubiri majibu ya mtihani. Walibishana dakika tano nzima huku wameishika kanga huyu upande huu na huyu upande ule. Nilinyamaza. Nawe nyamaza. Wote wawili wana haki, maana jina la kanga limeandikwa ili kila avaaye alielekeze anakotaka.

Kwa wakubwa wa miaka kumi kwenda juu, toa kanga ya pili yenye makali kidogo, mfano NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Waulize wangempelekea nani zawadi. Hapo watajifunza lile ambalo binti wa pwani hufunzwa mapema: zawadi ya kanga husomwa jina kabla ya kununuliwa. Ukimpelekea shangazi kanga yenye kijembe, atakaa akijiuliza amekukosea nini.

Historia ya kanga iache leo. Mtoto akiuliza, mjibu kwa sentensi moja, kwamba jina linasemekana limetokana na madoa ya ndege kanga, kisha mrudi kazini.

## Hatua ya 4: Tengenezeni mihuri

Kata bamia katikati kwa upana. Utaona ua lenye vyumba, kila chumba na mbegu yake. Kausha mkato kwa kitambaa, kwa sababu ute wa bamia unaifanya rangi iteleze na ua likatoka doa. Bamia iliyokomaa ina ute mchache na kuta ngumu, ndiyo maana nimeitaja hiyo. Kuna bibi aliwahi kutukemea kwa kuchezea chakula, naye alikuwa na haki. Tangu siku hiyo nachukua bamia zile ngumu ambazo hazipikiki tena. Rangi ni ileile, na kazi imetoka nzuri zaidi.

Shina la jani la mgomba likikatwa kwa upana lina umbo la mwezi mwandamo, na ndani yake vijumba vidogo kama vya nyuki. Ukigonga miezi miwili ikitazamana unapata kitu kinachokaribia korosho. Sijapata mhuri mwingine unaowashangaza watoto kama huu. Ila utomvu wa mgomba unatia doa lisilotoka nguoni. Ukate wewe, uukaushe dakika kumi, na watoto wavae nguo za kuchezea.

Karoti hutoa vitone. Kiazi kikate nusu, mtoto achore umbo kwa penseli juu ya mkato, achimbe pembeni yake kwa ncha ya kijiko. Kisu ni cha mtu mzima, bila ubishi. Mtoto akitaka kuchora herufi kwenye kiazi, mwambie itatoka imegeuka, kisha mwache ajaribu ajionee.

Mihuri miwili kwa kila mtoto inatosha: mmoja wa pindo, mmoja wa mji. Ukimpa mitano atagonga yote kila mahali.

## Hatua ya 5: Pimeni karatasi

Kanga ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa 110. Kipande cha mtoto kikate sentimita 60 kwa 44, uwiano ni uleule na jicho linaitambua kanga hata kabla ya rangi. Ukikata mraba, itaonekana kitambaa cha mezani. Karatasi yako ikiwa ndogo, kata 45 kwa 33.

Mtoto aweke vidole vyake vinne ukingoni mwa karatasi, atie alama, azunguke pande zote, kisha aunganishe alama kwa rula. Ndani ya mstari ni mji, nje yake ni pindo. Chini ya mji, juu tu ya pindo la chini, achore kisanduku kirefu chembamba cha kuwekea jina. Kisanduku kisiguswe na rangi kabisa.

## Hatua ya 6: Pindo kwanza, kona kabla ya pande

Loanisha sponji kwa rangi, iweke sahanini. Mtoto abonyeze mhuri kwenye sponji, augonge mara moja kwenye karatasi chakavu kupunguza rangi iliyozidi, ndipo augonge kwenye kazi. Asichovye mhuri ndani ya kopo, kwani rangi ikiwa nyingi haikauki kabla ya chai.

Aanze na kona nne. Kisha katikati ya kila upande. Kisha ajaze nafasi zilizobaki. Mtoto anayeanza kona moja na kuzunguka moja kwa moja hufika mwisho akakuta nafasi ya nusu mhuri, na machozi yanaanza. Wakikwama, warudishe kwenye kanga halisi waone kona ilivyotengenezwa. Hiyo ni dakika nzuri kuliko zote za mchana huo, maana sasa wanaitazama kanga kama fundi anavyoitazama.

Rangi ni mbili tu, pamoja na rangi ya karatasi. Rangi ya tatu ikiingia watoto huzichanganya, na zikichanganyika zote huishia kuwa tope.

Umefanikiwa pindo likionekana kama mkufu ulioungana, hata kama mhuri mmoja mmoja umekwenda upande.

## Hatua ya 7: Mji

Mji una njia mbili. Ama umbo moja kubwa katikati, ama umbo dogo lililorudiwa kwa mistari. Mtoto achague moja na aishikilie. Anayetaka vyote viwili mwonyeshe tena kanga halisi, umuulize mwenye kanga hiyo alichagua nini.

Hapa ndipo mioyo na nembo za timu huingia. Usikataze. Uliza: "Bibi akija, atakiitaje hiki?" Mara nyingi mtoto mwenyewe atabadilisha, atagonga jogoo au nazi. Asipobadilisha mwache, mji ni wake.

Zianikeni kazi kivulini dakika ishirini. Jua kali hukunja manila.

## Hatua ya 8: Jina

Wakati karatasi zinakauka, kaeni kitako mtunge majina. Hatua hii usiiharakishe.

Waambie watazame majina mafupi wanayoyajua: WEMA HAUOZI. Kuna kitu, halafu kuna *ha-*. Majina mengi ya kanga yamejengwa hivyo, kwa kukanusha, na mtoto akishaiona njia hiyo anaweza kutunga lake bila msaada. Wape mwanzo, wamalizie wao. Chai ya bibi… Mgeni wa saa kumi… Sukari…

Katika kikundi changu yalitoka MGENI WA SAA KUMI HACHELEWI na SUKARI HAIJIFICHI. Hili la pili lilitungwa na binti wa miaka tisa aliyekuwa amekamatwa na sukari midomoni asubuhi yake, na watu wazima tuliolisoma tuliona lina maana pana kuliko yeye alivyokusudia. Usimweleze. Mgeni atamwambia.

Kanuni ni tatu: maneno yasizidi matano, lisimtukane aliyepo, na mtunzi aweze kusema analiambia nani. Mtoto asiyejua kuandika alitamke, mkubwa amwandikie kwa penseli, yeye apitishe kalamu juu yake.

Kuandika nako kuna ufundi. Watoto huanzia kushoto, wakafika mwisho wa kisanduku herufi nne zimebaki nje. Wahesabu kwanza. SUKARI HAIJIFICHI ni herufi 16 na nafasi moja, jumla 17. Ya katikati ni ya tisa, nayo ni A ya HAI. Iandike hiyo katikati kabisa ya kisanduku, kisha endelea kulia na kushoto, vizio vinane kila upande. Herufi kubwa tupu, zinazolingana urefu.

## Hatua ya 9: Kaangeni, pikeni chai

Mtu mzima mmoja anabaki na watoto, mwingine anaingia jikoni. Kabla ya mafuta kuwekwa motoni, watoto wasukume unga unene wa nusu sentimita na wakate pembetatu. Waache maandazi yapumzike dakika kumi na tano, kisha watoto watoke. Mafuta ya moto na watoto sita havikai chumba kimoja.

Kaanga kwa moto wa wastani. Andazi likitumbukia, likaibuka na kuvimba, geuza. Likibadilika rangi haraka na ndani likabaki bichi, moto ni mkali.

Chai sasa. Ponda tangawizi, hiliki na mdalasini. Chemsha kwenye maji, *maji peke yake*, dakika kumi. Ndipo utie majani, halafu maziwa, halafu sukari. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla ya kuiva hukata maziwa, kwa sababu ina kitu kinachoyagandisha, nacho hufa kwa kuchemka. Ndiyo iliyomwaibisha yule baba mbele ya mama mkwe. Chemsha mara moja baada ya maziwa, epua, chuja.

Iache ipoe kidogo kabla ya kuimimina kwenye vikombe vya watoto. Kikombe kisijae hadi ukingoni. Pwani kikombe kilichofurika si ukarimu, kinamuunguza mgeni vidole.

## Hatua ya 10: Mpokeeni mgeni

Tandika kanga za karatasi kwenye mkeka, majina yakimtazama atakayekaa. Juu ya kila moja weka kikombe na kisahani, pembeni, jina lisifunikwe.

Gawa kazi kabla hajabisha hodi. Mmoja wa kupokea na kusema karibu. Wote shikamoo, mmoja mmoja, wakisubiri marahaba kabla ya kuendelea. Mmoja ashike birika na mwingine beseni, wamnawishe mgeni kwanza, kisha waliobaki kwa kufuata umri. Anayenawisha amimine taratibu na aangalie mikono ya mgeni, asiangalie wenzake. Sinia la maandazi lipitishwe kwa mkono wa kulia.

Watoto wangu walijifunza kunawisha kwa dakika mbili za mazoezi na maji baridi uani. Fanyeni hivyo. Mtoto aliyefanya mazoezi hamwagi, na mgeni anaona.

Kisha mwachie mgeni. Atasoma jina la kwanza, atanyamaza, atauliza: "Nani huyu ananisema?" Mtoto atajibu. Mzee atamrudishia methali, au atakumbuka kanga aliyopewa siku ya harusi, au kisutu cha mama yake, ile kanga ya nyekundu na nyeusi na nyeupe. Wewe kaa pembeni, mimina chai.

Umefanikiwa iwapo mtoto ananyamaza kusikiliza jina lake linavyosomwa, na maandazi yako palepale, hayajaisha.

## Hatua ya 11: Kikombe cha pili na vitendawili

Kikombe cha kwanza kikiisha, mgeni au mkubwa aseme "Kitendawili!" na watoto wajibu "Tega!" Anza na rahisi. Nyumba yangu haina mlango: yai. Nyumba yangu ina nguzo moja: uyoga. Kuku wangu katagia mibani: nanasi, na kama kuna mtoto aliyegonga nanasi kwenye mji wake, hapo utamwona anavyoruka.

Wakishindwa, mtegaji anasema "Nipeni mji." Wao wanampa Pangani, Bagamoyo, Lamu, Unguja, naye anauingia, anasimulia alivyopokewa huko, ndipo anatoa jibu. Usiwaambie chochote kuhusu neno hilo. Ngoja. Karibu kila mara kuna mtoto atakayeinamia karatasi yake na kusema, "Lakini mji si huu hapa?" Mpe mgeni nafasi amjibu.

## Yakienda kombo

Rangi haijakauka na mgeni amefika. Pangusa rangi iliyozidi kwa karatasi ya chooni, ukibonyeza bila kusugua. Kikombe kiweke juu ya pindo lililokauka.

Mtoto mmoja hataki kuchora. Mpe birika. Kuna watoto ambao sanaa yao ni kupokea watu, na bila wao chai haikamiliki.

Hakuna mzee karibu. Walio Muscat wana bahati, wazee wanaozungumza Kiswahili wapo, na halua na kahawa chungu vitafaa pale pale pa maandazi na chai. Kwingine piga simu ya video, ila simu iegemezwe kwenye kikombe, mbele ya kanga, kama mtu aliyekaa mkekani. Isizungushwe mikononi.

Mtoto ana mzio wa njugu. Kama utaongeza kashata, ziwe za nazi tupu.

Chai imemwagika juu ya kanga ya karatasi. Iache. Kanga zote zenye umri zina doa la chai mahali fulani.

## Wiki inayofuata

Baada ya siku mbili tatu watoto huuliza lini tena. Sasa hamieni kwenye kitambaa. Nunua merikani nyeupe, ifue kwanza kuondoa wanga unaozuia rangi kushika, kata sentimita 150 kwa 110, moja kwa kikundi kizima. Tumieni rangi ya vitambaa na mihuri ileile, viazi vipya. Ikauke siku nzima, kisha ipigwe pasi kwa nyuma bila mvuke, rangi ishike.

Pindo wagonge wote, kila mtoto upande wake, na kona wazipange pamoja. Mji wakubaliane. Kisanduku cha jina kiacheni kitupu hadi mgeni afike. Mpeni kalamu, au kama macho yake hayaoni vizuri, alitamke, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye aliandike.